Fundi anataka kunipigia Windows 11, mi 10 nimeizoea. Nifanyeje?

Habari za kazi Anko, kama umenizidi umri basi shikamoo, kama mi ndo mkubwa tusameheane.

Mi ni mama wa miaka 46, nina steshenari Morogoro, sio mbali na stendi ya Msamvu. Kazi zangu ni zilezile za steshenari zote, fotokopi, kuprinti, kuskani, laminesheni, pasipoti saizi, barua za kuomba kazi, kadi za michango ya harusi na sendofu, na ukifika msimu wa mkopo watoto waliomaliza fomu siksi wanajaa hapa mpaka barazani wanataka kujaziwa maombi ya Bodi ya Mikopo, mwingine kaja na Ajira Portal yake, mwingine anataka cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, yaani siku hizo hata chai nakunywa nimesimama.

Nina mashine mbili. Moja ni desktopu ya HP, imeandikwa EliteDesk 800 G1, niliinunua used, hiyo ndo imeunganishwa na printa na ndo ina kadi zangu zote nilizotengeneza kwenye Publisher kwa miaka. Ya pili ni laptopu, HP ProBook 450 G5, nayo used ila iko vizuri, hiyo ndo tunafanyia mambo ya mtandaoni na jioni naondoka nayo nyumbani. Zote zina Windows 10 na mi hiyo 10 naijua macho yamefumba, binti ninayefanya nae kazi pia anaijua, mteja akiwa na haraka mikono inakwenda yenyewe.

Sasa tangu mwaka jana mwezi wa kumi kuna maneno yananitokea nikifungua sehemu ya apdeti, yanasema windo yangu imefika mwisho wa huduma. Kwenye desktopu yakaongeza kwamba mashine hii haina sifa za kuwekwa Windows 11. Nikamuita fundi wetu wa hapa mtaani, akaniambia mama usiogope, zote mbili nakupigia 11, elfu arobaini arobaini, na hiyo inayokataa ntailazimisha tu ikubali. Akasema nisipofanya hivyo siku moja zitazima zenyewe.

Nikamwambia mpwa wangu ambaye yuko chuo Mzumbe, yeye ananiambia shangazi achana na Windows kabisa weka Linux, ni ya bure na haina virusi. Jirani yangu mwenye duka la vipodozi yeye kasema mashine inafanya kazi vizuri we unatafuta nini, usiguse. Kwahiyo nina washauri watatu na kila mmoja ana njia yake na mi kichwa kinaniuma.

Hofu yangu sio hela tu Anko. Kipindi natoka Windows 7 kwenda hii 10 kuna fundi mwingine alinipigia windo bila kuniambia atafuta kila kitu, nikaja asubuhi nakuta mashine nyeupe, safi, haina hata kadi moja. Kadi za watu ambao kamati ilikuwa inakaa Jumamosi hiyohiyo. Nilizichapa upya zote nalia. Tangu siku hiyo nikisikia neno windo mpya tumbo linakoroga.

Naomba unisaidie, ni kweli zitazima? Ni lazima nihame? Na kama ni lazima nianzie wapi maana mwezi wa sita hauko mbali na hao watoto wa mkopo wakianza sina muda wa kujifunza vitu vipya.

Mama Steshenari, Morogoro

JIBU

Dada yangu wa Msamvu, hazitazima. Hilo lifute kichwani leo. Windows 10 itawaka mwaka huu, itawaka mwaka kesho, itaprinti kadi kama kawaida, na fundi aliyekuambia zitazima zenyewe ama hajui ama anatafuta elfu themanini, mi sipo hapo siwezi kusema ni lipi.

Kilichokwisha tarehe 14 Oktoba 2025 ni matengenezo ya bure. Windows ina mashimo, kila mwezi yanagunduliwa mapya, na Microsoft kila Jumanne ya pili ya mwezi wanatoa viraka vya kuyaziba, zile apdeti ambazo zinakukera unapozima mashine jioni unataka kuondoka halafu inakwambia subiri. Kwa Windows 10 viraka hivyo vimesimama, isipokuwa kwa waliojiunga na mpango maalum ntakaoutaja mbele. Na ubaya ni kwamba 10 na 11 ni ndugu wa damu, sehemu kubwa ya ndani ni ileile, kwahiyo shimo likizibwa kwenye 11 wahuni wanakaa wanakichunguza kile kiraka kujua kimeziba nini, halafu wanaenda kujaribu palepale kwenye 10 ambayo haijazibwa. Yaani kila kiraka cha 11 kinaweza kuwa ramani ya kuiingia 10. Hii sio hadithi ya kutishia watu, mwezi wa tano 2017 kirusi kinaitwa WannaCry kilifunga mafaili kwenye mashine za nchi nyingi duniani mpaka hospitali za Uingereza zikaahirisha wagonjwa, na kiraka cha lile shimo kilikuwa kimeshatoka tangu mwezi wa tatu mwaka huohuo, waliopigwa ni ambao hawakukiweka. We sasa hivi uko upande wa ambao kiraka hakiwafikii kabisa.

Kwahiyo jirani yako wa vipodozi yuko sahihi kwa mashine moja na hayuko sahihi kwa nyingine. Swali la nihamie 11 au nibaki 10 we umeliuliza kwa jumla, mi nataka uliulize kwa kila mashine peke yake: kwenye hii mashine kinapita nini?

Kwenye laptopu zinapita nywila za watoto wa watu, namba za NIDA, namba za mtihani za fomu foo, control number, na jioni inaenda nyumbani ambako nahisi unafungulia na akaunti yako ya benki au barua pepe yako. Hiyo haiwezi kukaa kwenye windo isiyo na viraka, na ihame kabla ya mwezi wa sita. Kwenye desktopu zinapita kadi na fotokopi. Hiyo inaweza kubaki na 10 yako uliyoizoea kwa muda mrefu tu, kwa sharti moja ntalisema mbele.

Tuanze na laptopu.

Windows 11 inachagua mashine. Inataka RAM isiyopungua GB 4, diski isiyopungua GB 64, kitu kinaitwa TPM 2.0 ambacho ni kijisehemu cha usalama ndani ya mashine, Secure Boot ambayo ni ulinzi wa mashine wakati inawaka, na prosesa isiwe ya zamani, kwa Intel ni kuanzia kizazi cha 8. Kizazi unakijua hivi: fungua Settings, System, halafu About, pale kwenye Processor utaona imeandikwa labda i5-8250U, ile namba ya kwanza baada ya kistari ndo kizazi, hapo ni cha 8, inaenda. Ukikuta i5-7200U hicho ni cha 7, haiendi. Nakuambia uangalie mwenyewe kwa sababu ProBook 450 G5 zilitoka na vizazi tofauti, zingine cha 7 zingine cha 8, na ukinunua used muuzaji hakwambii. Na kama ni kizazi cha 10 kwenda mbele inaandikwa kwa tarakimu mbili, i5-10210U kwa mfano, usije ukadhani hiyo ni kizazi cha 1.

Kuna programu ya Microsoft wenyewe ya bure inaitwa PC Health Check, ishushe, iendeshe, itakwambia inafaa au haifai na kwa nini. Ikikwambia haifai kwa sababu ya Secure Boot au TPM wakati prosesa ni ya 8, usikate tamaa na usikimbilie kununua nyingine, mashine nyingi za used zimepigwa windo kwa mtindo wa zamani unaoitwa Legacy na hayo mambo mawili yamezimwa tu huko kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine yenyewe kabla windo haijawaka. Mwambie fundi abadilishe mpangilio wa diski kwa programu inaitwa mbr2gpt kwanza ndo ahamishe mashine kwenda UEFI, ule mtindo mpya, kwa utaratibu huo mafaili yanabaki. Akianza na UEFI kabla ya diski mashine haitawaka, halafu atakwambia dawa ni kufuta kila kitu. Bakapu iwe imeshafanyika kabla hajagusa chochote huko.

Halafu kuna jambo la leseni, na hapa ndo pananitia wasiwasi kuliko pote. Nenda Settings, Update & Security, Activation. Ukikuta imeandikwa digital license hapo kwa kawaida uko salama na kwenda 11 ni bure kabisa, hulipi Microsoft shilingi. Ila ukikuta maneno yanasema imeaktivetiwa na activation service ya organization yako, na organization yako ni hiyo steshenari yenye viti viwili na feni, basi ujue uliuziwa windo ya kukraki. Zile programu za kukraki zinamtaka fundi azime antivairasi kwanza ndo ziingie, we fikiria tu mwenyewe, mlango umefunguliwa na mgeni hujui kaja na nani, na mashine hiyohiyo mtoto wa watu anaandika nywila yake ya mkopo. Habari njema ni kwamba laptopu nyingi za HP za kazi zilitoka kiwandani na Windows yake halali na namba ya leseni imo ndani ya ubao wa mashine, kwahiyo ukipiga windo safi ya toleo lilelile, kama ilikuwa Pro iwe Pro, inajitambua yenyewe bila kukraki chochote. Fundi anayejua kazi analijua hilo, ambaye anakuja na flashi yake ya kila siku yenye kila kitu kimeshakrakiwa humo atakwambia haiwezekani.

Kabla ya kuhama cheki pia diski. Kama bado ina ile diski ya kuzunguka, ya HDD, Windows 11 itakuchosha roho, utabonyeza kitu uende ukauze kalamu urudi bado inafikiri. Weka SSD kwanza, ile diski isiyozunguka, hata ya GB 256 inakutosha, na RAM ikiwa GB 4 iongeze ifike 8, hiyo ya 4 inayosemwa inatosha ni ya kuwaka tu sio ya kufungulia Chrome yenye tabu kumi na mbili za wanafunzi. Hizo elfu arobaini mbili za fundi mi ningezielekeza huku kwanza.

Sasa namna ya kuhama bila tumbo kukoroga. Yule fundi wa zamani alikupigia windo, maana yake alifuta diski akaanza upya. Kwenda 11 kutoka 10 iliyo halali hakuhitaji kupiga windo. Kuna programu ya Microsoft inaitwa Installation Assistant, unaishusha, inapanda juu ya 10, mafaili yanabaki, programu zinabaki, hata picha ya mjukuu uliyoiweka kwenye skrini inabaki palepale. Andaa bando la GB kadhaa, iache ishushe usiku, chaja iwe kwenye umeme na kama mtaani kwenu umeme unacheza usianze siku ya mawingu. Pamoja na hayo bado unafanya bakapu kwenye diski ya nje, na ukishamaliza unaichomeka hiyo diski kwenye mashine NYINGINE unafungua mafaili matatu manne uone yanafunguka kweli. Bakapu ambayo haijafunguliwa mi siihesabu.

Na ukihama ukaona hapana, una siku 10 za kurudi kwenye 10 yako, Settings, System, Recovery, kuna kitufe cha Go back, unarudi na mafaili yako yapo. Zikipita hizo siku kitufe kinapotea. Kwahiyo hama siku ambayo wiki inayofuata utakuwa dukani ukiitumia kweli, sio uhame halafu usafiri kwenda msibani siku nane.

Ila ikiwa imekrakiwa, basi hiyo itabidi ipigwe windo safi na hapo bakapu ni ya lazima kwanza. Sasa sikiliza hili vizuri maana limeanza kuliza watu. Windows 11 mpya ukiipiga safi inataka akaunti ya Microsoft, yaani barua pepe, na mafundi wengi kwa kuokoa muda wanaweka barua pepe YAO. Matoleo ya kuanzia 24H2 yakipigwa safi kwa akaunti ya namna hiyo, kwenye mashine nyingi yanaifunga diski yote kwa BitLocker bila kukuuliza, na ufunguo wa kuifungulia unaenda kuhifadhiwa kwenye akaunti iliyotumika. Siku mashine ikiguswa BIOS au ikiharibika inadai namba ndefu ya tarakimu 48, na namba hiyo iko kwa fundi, na fundi kahamia Dodoma kabadili laini. Kwahiyo we ukae nae, uingize barua pepe yako kwa mkono wako, na ukishamaliza uingie kwenye akaunti yako uitafute hiyo namba, uiprinti, uiweke kule unakoweka leseni ya biashara. We una printa, huna kisingizio.

Kuhusu kuzoea, kwa kweli hapo sina maneno mengi. Vitu vya Start vimekaa katikati, ukichukia bonyeza kulia pale chini kwenye upau, Taskbar settings, Taskbar behaviors, alignment weka Left, kinarudi kushoto. Ukibonyeza kulia kwenye faili menyu ni fupi, ile ndefu ya zamani iko chini ya Show more options. Hizo ndo mbili zitakazowasumbua we na binti, na kufika Alhamisi mtakuwa mmeshasahau. Wordi ni ileile, Chrome ni ileile, na tovuti ya Bodi haijui uko kwenye windo gani.

Au niseme haijui kwa sasa. Windows 7 iliachwa mwezi wa kwanza 2020, Chrome ikaendelea kuihudumia mpaka mwanzoni mwa 2023 halafu nayo ikaacha, na hapo ndo wenye 7 walianza kuona tovuti zinagoma. Kwahiyo hata kwa 10 hiyo siku ipo inakuja, ila haijafika.

Tuje kwenye desktopu. EliteDesk 800 G1 ni prosesa ya kizazi cha 4, haina sifa za 11, hakuna ubishi. Fundi anasema atailazimisha na ni kweli njia zipo, inakubali, inawaka. Ila Microsoft wenyewe wameandika kwamba mashine iliyolazimishwa haina uhakika wa kupata apdeti. Sasa dada niambie, unalipa elfu arobaini kutafuta apdeti, halafu unaishia kwenye mashine ambayo apdeti zake ni za kubahatisha na imekuwa nzito kuliko mwanzo. Hapo mi sioni ulichonunua. Mkatalie.

Sharti nililosema ni hili, desktopu itoke kwenye intaneti. Chomoa waya, futa wifi, isahau kabisa. Ibaki na Publisher na printa na fotokopi yake. Hapo adui anayebaki ni flashi za wateja, na wewe unakijua kile kirusi kinachogeuza mafolda yote kuwa shortcut, kila steshenari inakijua. Kwahiyo flashi ya mteja isiingie kwenye desktopu moja kwa moja. Inaingia kwenye laptopu yenye 11 na Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, iliyo hai, inaskaniwa, faili linahamia kwenye flashi yenu ya dukani ambayo haitoki nje, ndo linaenda desktopu. Najua foleni ikiwa ndefu binti atataka kuruka hatua. Wateja wengi siku hizi wanatuma kwa WhatsApp hata hivyo, na kama printa yako ina wifi au waya unafika, kazi hizo zichapwe kutoka kwenye laptopu moja kwa moja mkamaliza.

Kama kuiondoa kwenye intaneti kumekushinda kabisa, kuna mpango wa Microsoft unaitwa ESU, unaendelea kutoa viraka vya Windows 10 mpaka tarehe 13 Oktoba 2026. Unataka 10 yako iwe toleo la 22H2 na uingie kwa akaunti ya Microsoft, unalipa dola 30 au hulipi kitu ukikubali kuhifadhi mipangilio ya mashine kwenye akaunti yako, mlango wake uko palepale kwenye Windows Update. Ila kwa maandishi yao huo ni wa kompyuta za watu binafsi, za makampuni wana mpango mwingine unaoanzia dola 61 kwa mashine moja kwa mwaka wa kwanza na mwaka unaofuata bei inakuwa mara mbili. Hata hivyo ni wa kununua muda tu, sio wa kukaa.

Mpwa wako naye tumtendee haki, hajakosea sana. Linux Mint ni ya bure kweli na kwenye EliteDesk ingekimbia vizuri kuliko hata hiyo 10. Hiyo ya kutokuwa na virusi kabisa ametia chumvi. Tatizo ni Publisher, haipo huko. LibreOffice, ofisi ya bure ya huko, inafungua mafaili ya Publisher ila maua yanahama, majina ya wazazi wa bwana harusi yanaangukia kwenye namba ya Mpesa, utaanza upya kila kadi. Ungekuwa unauza fotokopi tu ningekwambia mruhusu akuwekee. Kwa kadi, hapana, siyo mwaka huu.

Na kwa kuwa tumeitaja Publisher, Microsoft wametangaza wanaiacha mwezi wa kumi 2026. Kama yako ni ile ya kununua mara moja, ya ofisi za zamani, itaendelea kufunguka, wanaolipia Microsoft 365 kwa mwezi ndo watafungiwa kabisa. Sababu nyingine ya kuiacha desktopu ilivyo. Lakini anza taratibu, kila kadi unayoifanyia kazi sasa hivi ihifadhi pia kama PDF, na zile tatu nne ambazo kila mteja anazichagua mwambie binti azijenge upya kwenye Wordi siku za kukaa bure.

Kuna kitu hukuniuliza ila nauliza mimi. Kwenye hizo mashine kuna folda la skani, si ndiyo? Kila steshenari inalo, limejaa vitambulisho vya NIDA na vyeti vya watu tangu enzi, hakuna aliyeyafuta. Tangu tarehe 1 Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na yakivuja hayo wa kuulizwa ni wewe. Mteja akishapokea kazi yake futa, na Recycle Bin uimwage, hiyo ni kazi ya dakika mbili kila jioni na haihitaji windo mpya.

Kuhusu fundi, usigombane nae, utamhitaji. Mwambie kazi ni ya laptopu tu, SSD na RAM mtanunua wote mkiwa pamoja dukani na risiti abaki nayo mama mwenye mashine, windo iwe halali, barua pepe iwe yako, kazi ifanyike Jumapili hapohapo kwako asiondoke na mashine. Elfu arobaini yake mpe nusu Jumapili, nusu mpe Jumatatu laptopu ikishafungua tovuti ya Bodi na ikishaprinti karatasi moja ya rangi mbele yako.